Bonde, Mtungi na Homa Ikunjayo Mgongo

Kitaya imelala kando ya Mto Ruvuma, katika ardhi ya chini ambayo mto huo huifurikia kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Upande wa pili ardhi hupanda kuelekea Nanyamba, Tandahimba na Newala, hadi juu ya uwanda wa Makonde, ambao ukingo wake wa Newala hupita mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kiutawala kata ya Kitaya na mji wa Nanyamba ni halmashauri moja. Kwa habari ya maji ni dunia mbili. Chini maji ni mengi hata yakawa tishio. Juu hayaonekani, kwa kuwa udongo ni wa kichanga, hufyonza mvua yote na kuizamisha, nayo huja kutokeza kama chemchemi kwenye miguu ya uwanda.

Ndani ya tofauti hiyo ya maji ndimo ilimo historia ya ugonjwa ambao jina lake leo linatamkwa India, Brazili na visiwa vya Karibi na watu wasiojua uwanda wa Makonde uko wapi. Ugonjwa huo ni chikungunya. Vitabu vya tiba huieleza habari yake kwa ufupi: mlipuko ulitokea Newala mwaka 1952, kirusi kikatengwa maabara, mbu akatajwa, jina likachukuliwa kutoka lugha ya wenyeji. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo maelezo hayo huanza katikati ya hadithi, na huwaacha wakazi wa Newala wakionekana kama watu waliokuwa wamekaa tu na mitungi yao wakingoja maradhi. Mambo hayakuwa hivyo. Mtungi ule wa maji uliwekwa ndani ya nyumba kwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya kiafya.

Ipo simulizi ya asili ya Wamakonde iliyoandikwa na mmisionari wa Kijerumani aliyeitwa Adams, kisha ikarudiwa na Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyezuru Newala mwaka 1906 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1908. Simulizi yasema kwamba huko Mahuta, wakati pote palipokuwa kichaka, alitoka mtu asiyeoga wala kunyoa. Akachonga umbo la mtu kwa mti, akalisimamisha penye makao yake, na usiku ule umbo likapata uhai likawa mwanamke. Wawili hao wakateremka Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua, na mtoto akazaliwa amekufa. Wakaondoka, wakavuka nchi ya juu hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Ndipo wakarudi kichakani Mahuta, na wa tatu akazaliwa hai, akakua. Baba huyo wa kwanza akawaachia wanawe agizo: wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwani huko ndiko yanakokaa maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe umbali wa mwendo usiopungua saa moja kutoka mahali pa kuteka maji, na watoto wao watasalimika.

Wengi wanaoitaja simulizi hii huvutiwa na mti uliogeuka mwanamke, na hilo halishangazi kwa kabila lililojulikana ulimwenguni kwa uchongaji wake. Kwa msomaji wa tiba, sehemu nzito ni vile vifo viwili vya watoto na kile kipimo cha saa moja. Mtu mzima huenda kilomita nne hadi tano kwa saa. Mbu wa Anopheles, anayeeneza malaria, kwa kawaida hasafiri mbali na mazalio yake. Kilomita mbili au tatu kwake ni safari ndefu. Tena malaria huwaumiza kuliko wote wajawazito na watoto wachanga: mimba huharibika, mtoto huzaliwa amekufa au huzaliwa dhaifu. Simulizi haikumtaja mbu, wala hapakuwa na aliyemtaja popote duniani kwa ushahidi kabla ya Ronald Ross kuviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Lakini ilijua nani hufa, hufia wapi, na umbali gani huokoa. Huo ni uchunguzi wa maradhi, hata kama umehifadhiwa katika umbo la hadithi.

Inafaa kuwa na kiasi hapa. Ni rahisi kuwageuza mababu kuwa maprofesa na kuyafanya maneno yao yaseme kila kilichogunduliwa baadaye. Bonde la Ruvuma halikuwa na malaria peke yake. Karne ya 19 lilikuwa njia ya misafara ya watumwa iliyoelekea pwani, Mikindani na Kilwa, na lilipitiwa na wavamizi wa Kingoni. David Livingstone, aliyeshuka Mikindani mwaka 1866 na kuufuata Ruvuma kwenda bara, aliandika juu ya nchi iliyohamwa na watu wake. Vichaka vizito vya uwanda vilikuwa ngome isiyohitaji ukuta, na ukosefu wa maji wenyewe ulikuwa kinga, kwani hakuna jeshi lililopenda kuzingira mahali ambapo lingekufa kwa kiu. Hivyo "mauti" ya simulizi huenda yalikuwa ya homa, ya bunduki na ya pingu kwa pamoja, na wasimulizi hawakuona haja ya kuyatenganisha. Kwa mtazamo wao bonde lilikuwa mahali panapotoa madhara. Mawazo hayo hayakuisha na ukoloni. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya mwaka 1964 na 1974, vijiji vya kando ya mto viliishi kwa tahadhari, na mwezi Oktoba 2020 Kitaya yenyewe ilivamiwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo, wakaua na kuchoma nyumba, na wakazi wakakimbia. Mzee wa Kimakonde anayesema kwamba mtoni si pa kukaa ana orodha ndefu ya sababu, na ya karibuni kabisa haina umri mkubwa.

Walipanda, basi, na kupanda kulikuwa na bei yake. Bei hiyo ililipwa zaidi na wanawake. Weule alieleza jinsi maji ya Newala yalivyotekwa chini ya ukingo na kupandishwa kwa vichwa, njia ya saa nyingi kwenda na kurudi, juu ya mteremko mkali. Maji yaliyofika nyumbani kwa namna hiyo hayamwagwi. Hutiwa mtungini, mtungi huwekwa ndani penye kivuli ili maji yabaki baridi na yasivukizwe, nayo hutumiwa kwa kata, kipimo kwa kipimo. Kinachobaki chini hakimwagwi ili kusafisha mtungi. Huongezewa maji mapya juu yake. Mwenye kuona uchafu katika desturi hiyo hajawahi kubeba ndoo ya lita 20 kupanda mlima.

Kwa bahati mbaya yupo mbu ambaye nyumba ya namna hiyo ndiyo hasa aitakayo. Aedes aegypti hana haja na bonde, mto wala dimbwi. Hutaga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, mahali penye giza na utulivu. Mayai hayo hunata, na yakikauka hayafi. Yaweza kungoja miezi kadhaa, kisha maji yakipanda na kuyafunika huanguliwa. Katika joto la kusini mwa Tanzania huchukua yapata siku saba hadi kumi kutoka yai kuwa mbu anayeruka. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na hupendelea damu ya binadamu. Hana safari ndefu: huzaliwa mtungini, huuma aliye sebuleni, hujificha nyuma ya nguo zilizotundikwa, hurudi mtungini.

Agizo la babu wa Mahuta liliwaepusha watu na mbu mmoja kwa kuwaweka mbali na maji. Umbali huohuo uliwalazimisha kuyaingiza maji ndani, na pamoja nayo mbu wa pili. Hapakuwa na ujinga katika lolote kati ya hayo mawili. Palikuwa na hesabu ya hatari iliyofanywa vizuri kwa vigezo vilivyokuwapo, na hatari mpya ambayo hesabu ile haikuwa na njia ya kuiona.

Katikati ya mwaka 1952 homa isiyozoeleka ilianza kuenea katika vijiji vya uwanda. Ilimshika mtu ghafla. Aliyekuwa shambani asubuhi aliweza kushindwa kurudi nyumbani kwa miguu yake. Joto lilipanda, vipele vikatokea, na viungo, yaani magoti, vifundo vya miguu, viganja na mgongo, vikauma kiasi kwamba mgonjwa hakuweza kunyooka. Homa yenyewe ilipita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo yaliwabakia wengine kwa majuma na miezi. Vifo vilikuwa adimu, na pengine ndiyo sababu ugonjwa huo ungeweza kupita bila kuandikwa kama daktari Marion Robinson asingeufuatilia. Maelezo yake ya kitabibu na maelezo ya W. H. R. Lumsden kuhusu mwenendo wa mlipuko yalichapishwa mwaka 1955 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Tiba ya Nchi za Joto. R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alikitenga kirusi kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu.

Katika kazi ya Lumsden lipo jambo ambalo wasomaji wa sasa huliruka. Hakuishia kwenye mbu. Alitazama jinsi watu wa uwanda wanavyopata maji, wanavyoyabeba na wanavyoyaweka, akauhusisha mlipuko na mitungi ya ndani iliyotokana na uhaba huo. Kwa maneno mengine, yule aliyeandika habari za ugonjwa huu mara ya kwanza aliandika pia historia ndogo ya mazingira. Vitabu vilivyofuata vilimchukua mbu na kuuacha uhaba.

Jambo la pili walilolipata watafiti hao ni jina, na halikubuniwa nao. Wagonjwa ndio waliokuwa wakiutaja ugonjwa kwa jina lililotokana na kitenzi cha Kimakonde *kungunyala*, chenye maana ya kujikunja au kukunjamana. Kiambishi *chi-* ni ndugu wa *ki-* ya Kiswahili. Chikungunya ni kile kinachokunja. Mara nyingi huandikwa hata katika machapisho ya kitaalamu kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli, na Wamakonde wana haki ya kurudishiwa chao. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba jina hilo ni maelezo ya dalili yaliyo sahihi kuliko jina lolote ambalo maabara ingelitoa. Daktari anayesikia mgonjwa akisema amekunjwa amekwisha kupewa nusu ya utambuzi wa ugonjwa: homa hii ni ya viungo, si homa ya kawaida.

Pwani ilikuwa na desturi hiyohiyo ya kutaja maradhi kwa umbo la mwili. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar, alieleza mlipuko wa mwaka 1870 wa homa yenye maumivu makali ya viungo ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee wakakumbuka homa ya jina hilo iliyowahi kupita mwaka 1823 au karibu na hapo. Wapo wanaodhani kuwa neno dengi lenyewe limetokana na msemo huo, likavuka bahari na kufika Karibi. Mwaka 1971 mtafiti D. E. Carey alitoa hoja kwamba baadhi ya milipuko iliyoitwa dengi katika karne ya 19, pamoja na ile ya Zanzibar, kwa dalili zake inaelekea ilikuwa chikungunya. Kama hoja yake ni sahihi, basi ulimwengu ulichukua jina la ugonjwa mmoja ukalivisha mwingine, na ugonjwa wa kwanza ukangoja zaidi ya miaka 80 kupewa jina jipya na watu wa Newala. Dar es Salaam ilipokumbwa na dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019, neno la zamani lilirudi midomoni kwa sura ya kidingapopo. Pepo amekuwa popo, na wapo walioanza kumshuku mnyama asiyehusika. Herufi chache zilizobadilika zatosha kuhamisha lawama.

Hatari ya kulisoma tukio la Newala kama jambo la kale imejidhihirisha. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, kisha Mombasa. Uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu ulionyesha kwamba yapata robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2005 ilifika Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi wa kisiwa waliugua kabla ya mwisho wa mwaka 2006, na katika mwaka huohuo India ilihesabu zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikaingia visiwa vya Karibi na kuenea bara zima la Amerika. Katika safari hiyo kirusi kilibadilika, kikajipatia uwezo wa kusafirishwa vizuri na mbu mwingine, Aedes albopictus, na hivyo kufika mahali ambapo mbu wa mtungini hastawi.

Lakini chanzo cha safari hiyo, Lamu, ni Newala nyingine. Watafiti waliochunguza hali ya hewa ya pwani ya Kenya walikuta kwamba mlipuko wa mwaka 2004 ulikuja baada ya kipindi cha ukame na joto lisilo la kawaida. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba mbu huletwa na mvua, hilo ni fumbo. Kwa mtu wa uwanda wa Makonde si fumbo hata kidogo. Ukame hukausha visima. Visima vikikauka, maji huwekwa ndani kwa wingi zaidi na hukaa muda mrefu zaidi kabla ya chombo kuoshwa. Madimbwi yanapungua nje, mazalio yanaongezeka ndani. Elimu ya afya inayowatahadharisha wananchi kuhusu mbu wakati wa masika peke yake imesahau nusu ya mwaka, na kwa ugonjwa huu huenda imesahau nusu iliyo mbaya zaidi.

Kutoka Kitaya hadi ng'ambo ya Ruvuma ni mwendo mfupi kwa mtumbwi, na pande mbili zina ndugu, lugha na biashara za pamoja. Huko kaskazini mwa Msumbiji kumeonekana kile kinachotokea pale maelezo ya ugonjwa yanapoletwa kutoka juu bila kusikiliza yaliyoko chini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kipindupindu kinapolipuka katika majimbo ya Nampula na Cabo Delgado, hujirudia uvumi kwamba maofisa ndio wanaokisambaza kwa kutia dawa visimani. Klorini kwa Kireno huitwa *cloro*, na sikio lililokwisha kukosa imani halikuona umbali kati ya neno hilo na kolera. Wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wameshambuliwa, wengine kuuawa. Mwanasosholojia Carlos Serra alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2003, akionyesha kwamba chanzo hakikuwa upumbavu wa watu bali umbali mrefu kati yao na wale waliojitokeza kijijini siku za hatari tu. Mwezi Aprili 2024 chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, na watu wapatao 100 walikufa maji, wengi wao watoto. Mamlaka zilisema abiria walikuwa wakikimbia kipindupindu kwa sababu ya uvumi.

Tofauti kati ya matukio hayo na yale ya Newala yastahili kuwekwa mbele ya kila anayefundishwa afya ya jamii. Newala jina la ugonjwa lilitoka kwa wagonjwa, na watafiti wakalipokea. Nampula maelezo yalitoka ofisini, na watu wakayakataa. Neno kipindupindu lenyewe, ambalo Kiswahili kimelitumia tangu zamani, limebeba ndani yake kupinda na kupindua. Lilizaliwa kwa kuutazama mwili wa mgonjwa kama chikungunya ilivyozaliwa. Maneno ya namna hiyo huaminika kwa sababu hayana mwenyewe aliye ofisini.

Turudi kwenye mtungi, kwani mtungi bado upo, ingawa umebadili sura. Katika miaka ya 1950 liliundwa shirika la kupandisha maji kwa pampu kutoka miguuni mwa uwanda, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kwa takriban miongo miwili. Makonde imehesabiwa pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo wa India. Pamoja na hayo, maji ya bomba hayajafika kila nyumba, na yanapofika hayatoki kila siku. Kwa hiyo penye mtungi sasa pana pipa, dumu lililokatwa kichwa, tangi la plastiki, na shimo lililosakafiwa kwa saruji la kukingia maji ya mvua kutoka paa la bati. Paa la bati ni maendeleo, nalo limeongeza mazalio. Hata mabondeni, Kitaya ikiwamo, mtu anayeogopa mamba na kuchoka kuteka maji ya mto huweka maji ndani kama mwenzake wa juu. Na familia iliyolazimika kuhama ghafla huanza maisha kwa kutafuta chombo cha kuwekea maji kabla ya kitanda.

Kwa watu hao hufika kipeperushi kinachosema: fukia madimbwi, mwaga maji yaliyotuama, lala ndani ya chandarua. Kila agizo lina ukweli wake, na yote matatu kwa pamoja yamekosea nyumba. Dimbwi si zalio kuu la mbu huyu. Chandarua humkinga anayelala mchana, yaani mtoto mchanga na mgonjwa, na ni vema hao wakilala ndani yake, lakini hakimkingi mama anayepika alasiri. Na maji "yaliyotuama" ambayo mwananchi anaambiwa ayamwage ndiyo maji yake ya kunywa. Akilitii agizo hilo, mtoto atalala na kiu. Asipolitii, ataandikwa katika ripoti kama mtu mwenye uelewa mdogo. Ripoti za namna hiyo zimekuwa nyingi mno, na zimewasaidia waandishi wake kuliko waandikwa.

Shauri la kuosha vyombo vya maji mara moja kwa juma limejengwa juu ya hesabu sahihi, kwa kuwa juma moja ni fupi kuliko muda wa yai kuwa mbu. Hesabu hiyo inahitaji maji mapya kila juma. Mtaa ambao zamu yake ya maji huja kila baada ya siku 14 hauwezi kuitekeleza hata ukiwa na madaktari watupu. Kwa hiyo ratiba ya mgawo wa maji ni jambo la kudhibiti mbu, sawa na dawa ya kupulizia, na ofisa afya wa halmashauri alipaswa kuwa na kiti katika kikao kinachoipanga. Alipaswa kuuliza mtaa gani hukaa siku nyingi bila maji, kisha akatazame kwanza mapipa ya mtaa huo, hasa mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua.

Mpaka ratiba hizo zibadilike, yapo mambo ambayo nyumba yaweza kuyafanya bila kumwaga tone. Mdomo wa pipa ufunikwe kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu na kufungwa kwa kamba au mpira, kwa sababu mfuniko uliowekwa tu juu huacha mwanya, na mbu hahitaji zaidi ya mwanya. Maji yachotwe kwa kata na kitambaa kirudishwe palepale. Viluwiluwi vikionekana, maji yachujwe kwa kitambaa hichohicho kuingia chombo kingine, yasitupwe. Na siku pipa linapokuwa tupu, iwe baada ya juma au baada ya mwezi, kulisuuza hakutoshi, kwani mayai yameshika ukutani na yatangoja maji mapya. Lisuguliwe ndani kwa mchanga na kumvi la nazi, kuanzia alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika hadi chini, na maji machache ya kusuuzia yamwagwe kwenye mchanga mkavu, mbali na chombo kingine chochote.